Makaburi ya Vifaru



Majeshi ya Iraki, yaliyoivamia Kuwait tarehe 2 Agosti 1990, yalikimbia Februari 1991 kwa njia iendayo Basra, nayo yakapigwa kutoka angani penye vilima vya Mutla. Barabara ikajaa vifaru, malori, hata magari ya raia yaliyoporwa. Mabaki yakakokotwa hadi jangwani yakalundikwa humo, kutu na mchanga vikayarithi.

Wengi wetu hudhani chuma kilichokwisha kuungua hakidhuru tena. Sivyo. Baadhi ya vifaru vilipigwa kwa risasi za urani hafifu, madini mazito mno yatoboayo chuma, ambayo yagongapo huwaka na kuacha vumbi lenye sumu. Mwaka 2003 zilitumika tena, ndani ya Iraki yenyewe. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kutahadharisha mwaka 2001 juu ya watoto wachezao mahali pa namna hiyo, kwani hutia udongo kinywani. Na ni nani apandaye kifaru kibovu kama si mtoto?

Maskini naye huja kukata chuma akauze, apate mkate. Huyo hatumlaumu. Twawauliza waliozifyatua risasi hizo: kulifagia vumbi lile ni kazi ya nani?