Dozi ya Pili: Matumizi Salama ya Dawa za Kulainisha Choo



Leo tunazungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi huona haya kulitaja, hata mbele ya daktari anayewatibu, nalo ni kufunga choo. Haya hiyo ina gharama yake. Asiyeuliza hujitibu kwa kubahatisha, na dawa za kulainisha choo hazifai kubahatishwa, ingawa nyingi huuzwa bila cheti cha daktari.

Kwanza, yatupasa tujue kufunga choo ni nini. Mtu mzima mwenye afya halazimiki kupata choo kila siku. Wapo wapatao mara tatu kwa siku, na wapo wapatao mara tatu kwa juma, na wote ni wazima. Aliyefunga choo ni yule ambaye choo chake kimekuwa cha nadra kuliko desturi yake, au kimekuwa kigumu na kikavu hata akitoe kwa taabu. Kwa hiyo, mtu asiye na shida hiyo hana sababu ya kunywa haluli au mafuta ya nyonyo kila baada ya muda ili "kuosha tumbo". Wala dawa hizi hazipunguzi unene. Chakula huwa kimekwisha kufyonzwa katika utumbo mwembamba kabla hakijafika katika utumbo mpana, ambako nyingi kati ya dawa hizi hufanyia kazi. Kinachopotea ni maji na chumvi za mwili, na uzito hurejea mara mtu anywapo maji.

Kabla ya kununua dawa, tutafute chanzo. Maji machache, chakula kisicho na mboga na matunda, kukaa kutwa bila kutembea, na kuzuia haja inapokuja, yote hufunga choo. Baadhi ya dawa hufanya hivyo pia: vidonge vya madini ya chuma vya kuongeza damu, kodeini, morfini, na baadhi ya dawa za kupunguza asidi tumboni. Usiache dawa uliyoandikiwa, mweleze aliyekuandikia.

Ikiwa dawa inahitajika, lazima tujue kwamba kila moja ina muda wake wa kufanya kazi. Ispaghula, ijulikanayo madukani kwa jina la isabgol, huhitaji siku 2 hadi 3, nayo hunywewa kwa glasi nzima ya maji, kwani bila maji ya kutosha yaweza kukwama kooni au kuziba utumbo. Laktulosi yaweza kuchukua siku 2. Sanamaki na vidonge vya bisakodili hufanya kazi baada ya saa 6 hadi 12, ndiyo maana hunywewa usiku. Kidonge cha bisakodili humezwa kizima, wala kisifuatane na maziwa au dawa ya asidi ndani ya saa moja, kwa sababu ganda lake huyeyuka mapema na kuliumiza tumbo. Chumvi ya haluli, ambayo ni chumvi ya magnesiamu, huharisha ndani ya saa chache. Mgonjwa wa figo asiinywe, kwa kuwa figo dhaifu hushindwa kuitoa magnesiamu mwilini.

Hapo ndipo lilipo kosa tunalotaka kulizuia kuliko yote. Mtu hunywa laktulosi asubuhi, jioni haoni kitu, akadhani dawa ni hafifu, akanywa tena, pengine akaongeza na sanamaki. Kesho yake dawa zote humfanyia kazi kwa pamoja. Huharisha mfululizo, hupungukiwa na maji, na potasiamu yake hushuka. Na potasiamu ikishuka sana, moyo hupoteza mpigo wake wa kawaida. Mzee, au mtu mwenye maradhi ya moyo au figo, aweza kufikia hali ya hatari kabla jirani hajaitwa. Hivyo basi, choo kisipotoka, usiongeze dozi kabla muda wa dawa haujapita. Ukipita bila nafuu, rudi kwa mfamasia au daktari.

Kwa dawa za sodiamu fosfeti, kosa hilo limeua. Mnamo Januari 2014, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionya kwamba kutumia zaidi ya dozi moja ndani ya saa 24 kwaweza kuleta madhara makubwa ya figo na moyo, hata kifo. Walio hatarini zaidi ni watoto wadogo, watu waliozidi miaka 55, wenye maradhi ya figo, waliopungukiwa na maji, na watumiao dawa za kuongeza mkojo, baadhi ya dawa za shinikizo la damu, au dawa za maumivu kama ibuprofeni. Tahadhari hiyo inahusu dawa ya kunywa na ile ya kuingizwa katika njia ya haja kubwa.

Yako mazingira ambamo dozi kubwa hutolewa kwa makusudi, nayo ni maandalizi ya kolonoskopi, yaani kipimo cha kutazama utumbo mpana kwa kamera. Utumbo usiposafika, daktari aweza kukosa kuona kidonda au uvimbe, na kipimo kikarudiwa. Fuateni maelekezo ya hospitali kwa saa zilezile mlizoandikiwa, hata kama choo kimeanza kutoka kama maji. Kabla ya siku hiyo, mweleze daktari kama una kisukari, figo mbovu au moyo dhaifu, na kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Dawa iliyobaki isihifadhiwe kwa ajili ya jamaa aliyefunga choo.

Ziko nyakati ambazo dawa hizi hazinywewi kabisa. Mwenye maumivu makali ya tumbo, kutapika, homa, au tumbo lililojaa na kushindwa hata kutoa upepo, aende hospitali. Huenda ni kidole tumbo au utumbo umeziba, na dawa ya kuharisha yaweza kuupasua. Aende pia mwenye damu katika choo, apunguaye uzito bila sababu, na asiyepata nafuu baada ya siku 7 za dawa. Mjamzito asinywe mafuta ya nyonyo, kwani yaweza kuuamsha uchungu. Mtoto asipewe dawa ya mkubwa kwa kukadiria nusu au robo; dozi yake ipangwe na mtaalamu.

Mwisho, nunueni katika famasi au duka la dawa muhimu lililosajiliwa. Someni jina la dawa, kipimo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Unga au chai ya "kusafisha tumbo" isiyo na lebo yaweza kuwa na sanamaki ndani yake, na mnunuzi akanywa dawa mbili akidhani amekunywa moja. Mkidhurika, toeni taarifa kituo cha afya mkiwa na pakiti mkononi, ili mwingine aepushwe.

Aulizaye hapungukiwi heshima. Ulizeni kabla ya dozi ya kwanza, na msinywe ya pili kwa pupa.