Gari Lenye Makovu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa waliosoma, kabla ya kura juu ya Land Rover ya shule)



Jambo lililo mbele yetu mnalijua. Land Rover kuukuu ya shule imesimama nyuma ya karakana. Wako wanaotaka iuzwe kwa kilo kama chuma chakavu, fedha zinunue madawati. Wako wanaotaka ipakwe rangi mpya na kuwekwa getini iwe pambo. Mimi siungi mkono upande wowote, na sababu zangu nitazitoa katika habari za gari jingine.

Gari hilo ni Datsun 240Z, lililoanza kutengenezwa na kampuni ya Nissan ya Japani mwaka 1969. Ni gari dogo la michezo, lenye viti viwili na injini ya silinda sita ya lita 2.4. Kwa kulitazama ungesema ni la lami tu. Lakini wakati wa Pasaka mwaka 1971, Nissan waliliingiza katika East African Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 na kujulikana duniani kwa kuvunja magari. Baada ya kilomita zaidi ya 6,000 za vumbi, matope na mawe, gari namba 11 la Edgar Herrmann na Hans Schüller lilitoka la kwanza. La pili lilikuwa 240Z pia, la Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na Mike Doughty. Mwaka 1973 Mehta naye alishinda kwa 240Z, safari hii akiwa na Lofty Drews.

Gari namba 11 lilirudi Japani na kubaki mali ya Nissan. Halikupita mikono mingi, ndiyo maana habari zake hazina ubishi. Lakini hata gari lenye mwenyewe mmoja huzeeka likisimama: mipira hukauka, mafuta huganda, kutu hula chuma kimya kimya. Mwaka 2006 wafanyakazi wa Nissan waliunda klabu ya kujitolea ya kufufua magari ya zamani ya kampuni. Mwaka 2013 ilifika zamu ya namba 11. Walilitengeneza hata likatembea tena kwa nguvu zake. Lakini bodi yake haikunyooshwa ikang'aa kama mpya. Mabonyeo na mikwaruzo ya mwaka 1971 yaliachwa, kwa kuwa makovu hayo ndiyo cheti chake.

Ndugu zangu, hapo pana mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba kufufua gari si kulipaka rangi. Rangi hufunika kutu, na hufunika habari pia. La pili ni kwamba gari bila kumbukumbu ni chuma tu. Bodi yaweza kubadilishwa, injini yaweza kutoka gari jingine, namba ya usajili yaweza kuhamishwa. Kinachobaki kuwa ushahidi ni kadi, namba ya shasi, namba ya injini na picha. Land Rover yetu kila mzee hapa ana habari zake, na habari hizo hazilingani. Nani ameisoma namba ya shasi yake?

Tusidhani hasara hii iko mbali. Jirani zetu wa Nachingwea waliletewa mitambo ya mpango wa karanga, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951. Ninyi wanafunzi, ni wangapi kati yenu mmewahi kuona hata trekta moja ya wakati ule, pamoja na karatasi zake?

Kwa hiyo napendekeza hivi. Kwanza, kadi na picha zitafutwe, na wazee waandikiwe wanayoyakumbuka wangali hai. Pili, gari lipigwe picha kabla ya boliti moja kufunguliwa, na kila kipande kifungwe kibandiko chenye jina lake. Tatu, kazi ifanywe na wanafunzi, wakiongozwa na wenzetu walio mafundi. Nne, injini, breki na springi zitengenezwe, mabonyeo yaachwe.

Madawati yanahitajika, sikatai, na sisi tuliosoma hapa tuyachangie. Lakini chuma kikishauzwa kwa kilo hakirudi, na kijana atakayejifunza kufungua injini na kuirudisha ikawaka amepata kazi ya maisha. Naomba kura zenu ziikoe gari hiyo kabla mvua hazijaanza.