Mtungi wa Maji na Mgongo wa Mama

Leo tuzungumze juu ya kazi isiyo na mshahara wala likizo: kuteka maji.

Mtungi wa lita 20 ukijaa una uzito wa kilo 20 na zaidi. Hapa Machakos akina mama wengi huubeba mgongoni, mkanda ukipita kwenye paji la uso, kutoka mtoni hadi nyumbani.

Mwaka 1986 wanasayansi, akiwemo Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walichapisha utafiti juu ya wanawake Wajaluo wanaobeba kichwani na Wakikuyu wanaobeba kwa mkanda. Mama aliyezoea aliweza kubeba asilimia 20 ya uzito wake bila kutumia nguvu zaidi ya anayetembea mikono mitupu. Ukiwa na kilo 60, hiyo ni kilo 12 tu. Tena walipima nguvu zinazotumika, si maumivu ya shingo wala mgongo.

Basi, mzigo ndio ulingane na mwili, si mwili kulazimishwa kulingana na mzigo. Tumia mtungi wa lita 10. Najua utasema, "Mto ni mbali, nitarudi mara mbili saa ngapi?" Ni kweli, mama. Ndiyo maana jambo hili si lako peke yako. Zungumza na baba watoto: punda, wilbaro au baiskeli ibebe mitungi mikubwa. Katika kikundi chenu, ulizeni juu ya bwawa la mchanga au tangi la maji ya mvua, ili safari ipungue.

Ukibeba, usiinue mtungi kutoka chini ukiwa umeinama. Uweke kwanza juu ya jiwe au ukingo, kisha ufunge mkanda mpana. Hakuna jiwe? Piga magoti, mwenzako akusaidie kuinuka. Pumzika njiani.

Mama mjamzito na aliyejifungua karibuni wasibebe mitungi mizito. Mtoto naye apewe kidumu kidogo kinachomfaa.

Ukiumwa na mgongo au shingo kwa wiki kadhaa, nenda kituo cha afya. Miguu ikifa ganzi au kukosa nguvu, au mkojo ukishindwa kuzuilika, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje.

Maji ni uhai, lakini na anayeyateka anahitaji kuishi vizuri.