Vidonge vya Miezi Sita: Deni la Mgonjwa na Deni Letu



Ndugu wapendwa, viongozi wa Halmashauri ya Walei, wenyeviti wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, na waamini wote mliokusanyika hapa Lagangabilili,

Tunapoitwa kwa jina la Haki na Amani, wengi wetu hutazamia kusikia habari za mipaka ya mashamba, mirathi ya wajane, au uchaguzi. Leo tunaomba tuzungumze juu ya vidonge. Yuko mwenzetu aliyekohoa kwa majuma mengi, akapimwa makohozi, akaambiwa ana kifua kikuu, akaanzishiwa dawa za miezi 6. Swali letu ni hili: je, mwenzetu huyo anadaiwa kuimaliza safari hiyo peke yake, au jirani zake nao wana deni? Sisi tunasema wana deni, tena deni la haki, si la hisani tu.

1. Kwa nini miezi sita?

Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, daktari Robert Koch alitangaza kwamba amekigundua kijidudu kinachosababisha kifua kikuu. Hata hivyo, ilipita zaidi ya miaka 60 kabla ya kupatikana dawa yenye nguvu ya kukiua. Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, msimamizi wa misioni, alifariki kwa ugonjwa huu mwaka 1897 akiwa na umri wa miaka 24. Hakupata kidonge hata kimoja cha kumponya, kwa sababu hakikuwapo.

Dawa zilipopatikana, matibabu yalidumu mwaka mmoja na nusu, hata miwili. Katika miaka ya 1970, wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walishiriki katika utafiti uliofanywa kwa pamoja na wataalamu wa Afrika Mashariki na wa Uingereza. Ulionyesha kwamba dawa zikichanganywa ipasavyo, miezi 6 yaweza kutosha. Basi muda huo ambao mgonjwa wa leo anauona mrefu ni zawadi aliyoachiwa na wagonjwa wa nchi zetu waliomtangulia.

Lakini kwa nini usiwe mwezi mmoja? Kwa sababu vijidudu hivi huzaana polepole, na baadhi yake hujificha mwilini kana kwamba vimelala. Dawa huua vile vinavyozaana upesi katika majuma ya kwanza. Vilivyolala vyataka kuviziwa kwa muda mrefu. Ninyi wakulima wa pamba mnalielewa jambo hili kuliko sisi. Baada ya mavuno, mkulima huagizwa kung'oa maotea ya pamba na kuyateketeza, ingawa pamba imekwisha kuuzwa na shamba linaonekana tupu. Akiyaacha, wadudu hupata makao, na msimu ujao huvamia shamba lake na la jirani yake. Mgonjwa anayeacha dawa katika mwezi wa pili ameacha maotea shambani.

2. Safari ya mgonjwa

Kwa kawaida mtu mzima humeza dawa nne kwa miezi 2 ya kwanza: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Siku hizi huchanganywa ndani ya kidonge kimoja, na idadi ya vidonge hupangwa kwa uzito wa mwili. Kisha hufuata miezi 4 ya dawa mbili, rifampisini na isoniazidi. Watoto wengine hupangiwa muda mfupi zaidi. Apangaye ni mganga wa hospitali, si jirani.

Dawa hizi zina usumbufu wake, na si haki kumficha mgonjwa. Mkojo huwa na rangi ya chungwa: hilo lisimtishe. Kichefuchefu kidogo na maumivu ya viungo huweza kumpata, naye awaeleze wahudumu wampe nafuu. Ganzi au hali ya kuwaka moto miguuni ina vidonge vyake vya vitamini. Bali macho yakigeuka manjano, uwezo wa kuona ukipungua, au mwili ukitoka vipele vingi, asingoje siku ya kliniki. Aende kituoni siku hiyo hiyo. Pombe aiache kabisa, kwani dawa zenyewe zinalielemea ini. Kama anatumia dawa nyingine, ziwe za virusi vya ukimwi, za kisukari au za mitishamba, azitaje zote.

Hatari kubwa, hata hivyo, haimo katika uchungu wa dawa. Imo katika nafuu. Baada ya majuma machache kikohozi hupungua, homa za usiku hukoma, mwili hurudi. Huku palizi inamngoja, na kliniki iko mbali. Hapo ndipo mtu husema, "Nimepona." Kusema kweli, amepata nafuu, hajapona.

Maandiko yanatusimulia habari za Naamani, jemadari wa Shamu, katika Kitabu cha Pili cha Wafalme. Nabii Elisha alimwagiza ajichovye mtoni Yordani mara saba. Alikasirika, maana dawa ilikuwa nyepesi mno kwa mtu mkubwa kama yeye, na mito ya kwao ilikuwa mizuri zaidi. Wakamtuliza watumishi wake, watu wadogo ambao hata majina yao hatuyajui. Tujiulize: angepata nini kama angetoka mtoni baada ya mara ya sita? Na angeingia mtoni kweli, kama asingekuwa na watu wa kumsihi?

3. Anayeacha dawa, na wanaomwachisha

Dawa zikiachwa au zikimezwa kwa kurukaruka, vijidudu vilivyosalia huweza kujifunza kuzishinda. Huo ndio usugu. Mtu mwenye kifua kikuu sugu huwaambukiza wengine ugonjwa ule ule sugu, nao hawakuacha dawa yoyote. Kwa miaka mingi matibabu yake yalikuwa ya miezi 20 au zaidi, pamoja na sindano nyingi zilizowaacha baadhi ya wagonjwa wakiwa viziwi. Nchini kwetu matibabu hayo yalianza mwaka 2009 katika Hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani limependekeza kwa wagonjwa wengi sugu matibabu ya miezi 6 ya vidonge bila sindano. Tunashukuru, lakini dawa hizo nazo zaweza kushindwa tukizichezea.

Kwa hiyo mgonjwa ana deni kwetu: amalize. Lakini tusimlaumu kabla ya kujitazama. Nani alimtengea sahani na kikombe, wakati ugonjwa huu huenea kwa hewa anapokohoa mgonjwa asiyetibiwa, wala si kwa vyombo? Nani aliendelea kumkimbia, ingawa kwa kawaida uwezo wa kuambukiza hupungua sana baada ya majuma machache ya dawa sahihi? Nani alimwachisha kibarua aliposikia jina la ugonjwa? Nani alimpa vidonge na kumnyima ugali?

Na liko jambo zito zaidi katika nchi yetu ya Usukuma. Kikohozi kisichokoma huzaa mnong'ono: amerogwa, na aliyemroga ni fulani. Mnong'ono wa namna hiyo umewagharimu maisha akina mama wazee, ambao kosa lao lilikuwa macho mekundu kwa moshi wa jikoni. Ndugu wapendwa, kijidudu hiki kimejulikana tangu mwaka 1882. Anayemtafuta mchawi badala ya kumpeleka mgonjwa kupimwa anahatarisha watu wawili: mgonjwa na yule mama.

4. Tufanye nini?

Tanzania si mwanafunzi katika jambo hili. Mpango wetu wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, ukisaidiwa na daktari Karel Styblo, Mcheki ambaye mwenyewe aliugua kifua kikuu akiwa mfungwa katika kambi ya Wanazi. Mambo yaliyojaribiwa hapa, yaani kupima makohozi, kuhakikisha dawa hazikatiki, na kumweka mtu wa kumwona mgonjwa akimeza, yaliigwa na mataifa mengi katika miaka ya 1990. Leo mgonjwa aweza kumezea dawa nyumbani, mbele ya msimamizi anayemchagua mwenyewe.

Msimamizi huyo ndiye tunayemtafuta katika kila Jumuiya. Tunapendekeza haya:

Kwanza, aliyekohoa majuma mawili au zaidi asihukumiwe, apelekwe kupimwa. Na waliolala naye nyumba moja, hasa watoto, wapimwe pia.

Pili, Jumuiya impe mgonjwa msimamizi anayemridhia, mwenye kutunza siri. Habari za ugonjwa hazitangazwi kanisani.

Tatu, msimu wa kilimo ukifika, vijana wampalilie ekari yake. Kazi ya pamoja ni desturi ya Wasukuma tangu zamani. Siku moja ya jembe lao yaweza kuokoa mwezi mzima wa dawa.

Nne, kikapu cha Jumuiya kimkumbuke kwa unga, maharage, maziwa yaliyochemshwa, na nauli ya kliniki.

Tano, dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali. Anayedaiwa fedha kwa ajili yake aseme, nasi viongozi tusimame naye.

Katika Injili ya Marko, watu wanne walimbeba aliyepooza, wakatoboa dari, wakamshusha mbele ya Yesu. Mwinjili aandika kwamba Bwana aliiona imani yao, yaani ya wabebaji pia. Kila mmoja wetu, arudipo nyumbani leo, aitazame kona yake ya kitanda hicho na kuishika.

Mungu awabariki, awape wagonjwa wetu uvumilivu wa siku zote 180, nasi atupe uvumilivu wa kukaa nao. Amina.