Zawadi hainunui imani

(Mazungumzo kwenye semina ya viongozi wa vijana, Butembo)



Michezo ya video mnaijua kuliko sisi. Lakini leo tunaomba tujifunze pamoja kutoka mchezo mmoja, Dragon Age: Origins, uliotolewa mwaka 2009 na kampuni BioWare ya Kanada. Humo mchezaji hasafiri peke yake. Ana wenzi wa safari, na kila mwenzi ana hesabu yake ya alama, kutoka 100 chini ya sifuri hadi 100 juu. Ukitenda linalompendeza, alama zinapanda, naye anakufungulia moyo wake. Ukitenda analolichukia, zinashuka, na mwisho anaweza kukuacha.

Kuna pia njia ya mkato: zawadi. Unaweza kumkosea mwenzi, kisha ukampa zawadi, alama zikarudi. Lakini njia hiyo ina mpaka. Kuna mahali patakatifu panapohifadhiwa majivu ya nabii Andraste. Ukiyanajisi mbele ya Wynne, mama mwenye hekima, atakupiga vita, hata kama alama zake zilikuwa juu. Kuna jambo ambalo zawadi haiwezi kulifuta.

Sasa turudi kwetu. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni walikuwa wanachinjwa, wakalia bila kusikilizwa. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ikatangazwa, na mara magari na pesa vikafika. Watu wakauliza: mbona wakati wa mapanga hamkuja? Tarehe 26 Desemba 2018 uchaguzi wa Beni na Butembo ukaahirishwa hadi Machi 2019, Ebola ikitajwa kama sababu mojawapo. Rais aliapishwa Januari bila kura zetu. Kwa wengi, huko ndiko kulikuwa kunajisi majivu. Kesho yake baada ya tangazo la kuahirisha uchaguzi, waandamanaji walivamia kituo cha wagonjwa Beni. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikashambuliwa. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamekufa.

Wauguzi hawakuahirisha kura. Lakini hapa ndipo mchezo unapotofautiana na maisha. Katika mchezo kila mwenzi anakuhesabia matendo yako wewe tu. Katika mtaa, serikali, shirika, askari na muuguzi wote huandikwa kwenye daftari moja, na daftari hilo mgeni haonyeshwi.

Sisi wenyewe tulikosea. Tulipeleka sabuni na ndoo, zikapokelewa kwa asante, tukadhani tumeaminiwa. Lakini mgonjwa alipokuwa ndani ya nyumba, hakuna aliyetuambia. Hali ilianza kubadilika tulipokuja mikono mitupu, tukakaa, tukasikiliza habari za waliochinjwa kabla ya kusema neno la Ebola, na jamaa walipopewa nafasi ya kuona ndugu yao akizikwa.

Kwa hiyo, vijana, mtakapokwenda kupatanisha mitaa, kabla ya kubeba mfuko wa zawadi ulizeni mambo mawili. Watu hawa walikosewa nini kabla hatujafika? Na kwao, ni kitu gani kisichoguswa? Anayejua majibu hayo ataketishwa. Asiyejua atapokelewa zawadi zake, kisha mlango utafungwa.