Boliti Zikikubali, Kazi Ndiyo Inaanza: Kufunga Manifoldi ya Ekzosi ya Karibuni kwenye Injini ya Zamani ya Jeep

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya mafundi wa magari



Kazi niliyopewa kuizungumzia wengi wetu huiona nyepesi. Gari la porini lina injini ya zamani, manifoldi ya ekzosi imepasuka, mteja amepata ya modeli ya karibuni, na matundu ya boliti yanaoana. Nitatumia injini moja kama mfano, ya Jeep ya lita 4.0 yenye silinda sita za mstari mmoja. Wenye Land Cruiser FJ40 za injini ya 2F na Land Rover Series za petroli za lita 2.25 wasisinzie. Injini hizo nazo zina manifoldi ya hewa na ya ekzosi upande mmoja wa hedi, kwa hiyo mengi nitakayosema yanawahusu.

Hoja yangu ni hii: manifoldi ya ekzosi mara nyingi hupasuka kwa sababu imenyimwa nafasi ya kutanuka. Anayefunga mpya bila kuitafutia nafasi hiyo amebadilisha chuma tu.

Injini ya 4.0 iliingia sokoni ndani ya Jeep Cherokee za modeli ya 1987, ikitengenezwa Kenosha, jimbo la Wisconsin, Marekani, na iliendelea hadi 2006. Mwaka 1991 ilibadilishwa hedi na mfumo wa mafuta. Manifoldi za ekzosi za 1991 hadi 1999 zilikuwa za mabomba ya chuma yaliyochomelewa pamoja, na kila aliyezishika anajua zinapopasukia: kwenye welding, pale mabomba yanapokutana. Modeli ya 2000 ikaja na manifoldi ya chuma cha kusubu, tena ya vipande viwili. Kimoja cha silinda ya 1 hadi ya 3, kingine cha 4 hadi 6. Hiyo ndiyo mteja anayotaka tumfungie.

Kwa nini vipande viwili? Tupige hesabu. Chukua manifoldi ya chuma cha kusubu yenye urefu wa sentimita 60. Joto lake likipanda kwa nyuzi 500 za Selsiasi, itarefuka kwa karibu milimita 3.3. Hedi iliyoibeba inapoozwa na maji, haivuki sana nyuzi 100, hivyo kwa urefu huohuo inarefuka nusu milimita tu. Tofauti ya karibu milimita 3 lazima iende mahali. Kama boliti na gasketi zinairuhusu flanji kuteleza kidogo, inaishia hapo, kama bati la paa linavyolia na kusogea jua linapopanda. Kama haziruhusu, chuma kinakunjwa kila gari linapowashwa na kila linapozimwa, mpaka siku kinapochoka. Ukiigawa manifoldi katikati, kila nusu inabaki na nusu ya tatizo. Chuma cha pua, ambacho wengi hukisifu bila kuuliza, hutanuka zaidi ya chuma cha kusubu, kwa urefu huohuo milimita 5 hivi.

Mgawanyo huo una faida nyingine. Mpangilio wa kuwaka wa injini hii ni 1-5-3-6-2-4. Ufuatilieni: moja ya mbele, tano ya nyuma, tatu ya mbele, sita ya nyuma. Moshi unabadilishana pande kwa zamu sawa, na silinda za upande mmoja hazigombani njia. Ni ubunifu mzuri, na sina tatizo nao. Tatizo ni hiyo injini ya zamani inayoupokea.

Kwanza, paipu ya chini. Manifoldi ya zamani ina mdomo mmoja, mpya ina miwili. Itabidi uunde paipu yenye umbo la Y. Hapa ndipo ninapoona kazi nyingi za hovyo: fundi anaikata paipu gari likiwa juu ya stendi, anaichomelea ikiwa imevutwa kidogo kando ili ifike, halafu anafunga nati. Paipu hiyo imeshaanza kuivuta manifoldi kabla injini haijawaka. Paipu inatakiwa ikae kwenye flanji zote mbili kwa mkono, bila spana kuivuta, ndipo uichomelee. Ukiweza kupata kipande cha bomba lenye mikunjo linalonyumbulika, kiweke.

Pili, sensa ya oksijeni. Kwa mfumo wa zamani wenye sensa moja ya mbele, iweke baada ya miguu miwili ya Y kuungana. Ukiiweka kwenye mguu mmoja, kompyuta itapima silinda tatu na kuziamulia zote sita. Uvujaji wowote kabla ya sensa nao una hila yake: kati ya pigo moja la moshi na jingine hewa ya nje huvutwa ndani, sensa inasoma oksijeni nyingi, kompyuta inadhani mafuta ni machache na kuongeza. Mteja atarudi analalamikia ulaji wa mafuta, wala hatataja ekzosi.

Tatu, flanji. Kwenye 4.0, manifoldi ya hewa na ya ekzosi zinatumia gasketi moja, na baadhi ya boliti zina washa nene inayozikandamiza zote mbili kwa pamoja. Flanji mpya ikizidi unene kidogo, washa inalala upande mmoja. Ekzosi inabanwa, ya hewa inabaki inavuja. Pimeni unene kabla ya kununua gasketi. Matundu ya moshi nayo si sawa: ya hedi za 2000 ni madogo kuliko ya hedi zilizotangulia. Weka gasketi juu ya hedi, kisha juu ya manifoldi, uone kama kuna ngazi inayoukinga moshi njiani. Kwa 2F na Land Rover ya 2.25, unganisha manifoldi mbili, zipeleke pamoja kwa mchonga vyuma asawazishe nyuso zote kwa mkupuo mmoja, halafu legeza kiungo cha kati, funga kwenye hedi kwanza na kiungo hicho mwisho.

Magari ya 1987 hadi 1990 yana mrija unaorudisha sehemu ya moshi kwenye manifoldi ya hewa. Manifoldi ya 2000 haina mahali pa kuufunga. Kwa gari la namna hiyo, ushauri wangu ni mteja atafutiwe ya aina yake.

Sasa kabla hujafunga chochote, shika injini uitikise. Mauntini, yaani raba zinazoibeba injini, zikichoka huiacha icheze huku paipu ikiwa imeshikwa na bodi, na mzigo wote unaangukia manifoldi. Baadhi ya manifoldi zilizopasuka zilipasuliwa na raba hizo, na raba ndizo za bei ndogo.

Boliti za 4.0 zifungwe kwa takriban Nm 33, kuanzia katikati kwenda nje, kwa mizunguko miwili au mitatu. Anayezidisha nguvu ili isivuje anairudisha kwenye kifungo kilekile kilichopasua ile ya kwanza.

Kujaribu, fanyeni asubuhi injini ikiwa baridi. Ufa mdogo hugonga tiki-tiki gari linapowashwa, kisha hunyamaza chuma kikitanuka na kuuziba. Mteja akileta gari mchana limechemka, hutasikia kitu. Au, injini ikiwa imezimwa, ingiza upepo wa kompresa wa shinikizo dogo nyuma ya ekzosi, ziba kwa kitambaa, na upake maji ya sabuni kwenye viungo. Gari likishatembea na kupoa mara kadhaa, lirudi gereji boliti zikaguliwe kwa spana ya kupimia nguvu, injini ikiwa baridi kabisa.