Mkataba wa Mchezaji na Nafasi ya Shabiki

Katika uchambuzi wa leo, suala linaloangaziwa ni mikataba ya wachezaji, suala lililozua mjadala mkali nchini Tanzania Desemba 2022, pale kiungo Feisal Salum alipoiandikia klabu yake ya Yanga barua ya kuuvunja mkataba wake na kurejesha fedha alizoamini kuwa zingemweka huru. Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF), yaani chombo kinachoamua migogoro ya aina hiyo, ilitamka kwamba bado alikuwa mchezaji halali wa Yanga, na mgogoro ukaendelea hadi Juni 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipoutaka uongozi wa klabu uumalize, ndipo akahamia klabu ya Azam.

Jambo hili lamhusu msikilizaji wa kawaida kwa sababu yeye ndiye anayenunua tiketi na jezi, ilhali mkataba unapoandikwa hayupo mezani.

Kwa upande mmoja, klabu hutetea ada ya uhamisho, yaani fedha inayolipwa ili mchezaji aachiliwe kabla ya muda wake kwisha, kwa kuwa bila kinga hiyo haiwezi kupanga kikosi. Kwa upande wa pili, maisha ya mchezaji uwanjani ni mafupi, na kanuni za FIFA humruhusu kusaini kwingine mkataba unapobakiza miezi sita.

Je, klabu zinazojitambulisha kuwa za wanachama ziwaeleze wanachama hao masharti ya mikataba wanayoigharamia, au usiri ni sharti la kushindana sokoni?